Gharama ya Kumdanganya Bikizee

Kila siku ya kazi, saa mbili kasorobo asubuhi, kabla hajafungua vifungo vya sweta wala kuweka mkoba chini, Mama Tarehe alikuwa anamdanganya Bikizee.

Bikizee alikuwa kompyuta. Wafanyakazi wa duka lile la vipuri ndio waliompa jina hilo, kwa ajili ya kikohozi chake kila alipowashwa, na kwa ajili ya rangi yake, ambayo zamani ilikuwa nyeupe na sasa ilifanana na jino la mvuta tumbaku. Aliwekwa kwenye chumba kidogo chenye dirisha la kioo. Mbele yake ilikuwa kaunta, na nyuma yake bohari yenye rafu zinazofika darini, zimejaa beringi, mikanda, chekeche za chuma, nyundo za vinu vya kusagia nafaka na sili za pampu za maji. Bidhaa elfu kumi na moja na ushei, na hakuna hata moja iliyotoka mle bila Bikizee kuarifiwa.

Akishamaliza kukohoa, Bikizee huuliza swali moja kwa herufi za kijani: TAREHE YA LEO? Mama Tarehe huandika siku, ya kweli. Huandika mwezi, wa kweli. Kisha huandika mwaka wa uongo, mwaka uliopita miaka ishirini na nane kamili, na Bikizee, maskini, huamini na kufungua kazi.

Uongo huo ulikuwa na historia yake. Fundi aliyeandika programu ile aliiachia nafasi ya tarakimu mbili tu za mwaka, na hakufikiria kwamba baada ya tisini na tisa zitakuja sifuri mbili. Zilipokaribia, Mama Tarehe alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, ametoka chuoni na cheti chake cha kutunza stoo, bado anaona haya kula mbele ya watu. Siku moja Mzee mwenye duka, yeye, na fundi walipiga magoti kwenye sakafu ya bohari wakitandaza kalenda za zamani, moja baada ya nyingine, mpaka wakagundua kwamba ukirudi nyuma miaka ishirini na nane, Jumatatu inaangukia Jumatatu na hata Februari haina matata. Basi wakamrudisha Bikizee mwaka sabini na mbili, akaanza kuishi upya.

"Miaka ishirini na nane!" Mzee alisema huku akijipangusa vumbi magotini. "Ikiisha hiyo, mimi niko chini ya udongo, fundi hana meno, na wewe binti uko kwako unalea wajukuu. Watakaokuwepo wataamua wenyewe."

Mzee alipatia karibu yote. Yeye alikuwa chini ya udongo mwaka wa tisa sasa. Fundi alimfuata, ingawa alizikwa na meno yake yote. Wajukuu walikuwepo, wawili. Kasoro ilikuwa kwa yule binti tu: alikuwa bado ameketi pale pale.

Na kwa Bikizee sasa ulikuwa mwezi wa sita, mwaka tisini na tisa.

Kwa kuwa risiti zilitoka na mwaka wa uongo, palikuwa na muhuri wa mpira wa kugongea mwaka wa kweli juu yake. Muhuri huo ulikaa kaunta, mikononi mwa muuzaji mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa Mkweli. Jina hilo hakupewa kwa sifa. Miaka minane nyuma, Mama Tarehe alilazwa na homa siku mbili, na Mkweli akakabidhiwa kuwasha mashine. Swali la tarehe lilipomjia, mkono ukasita. Mama yake mzazi alimlea kwa fimbo ili asiseme uongo. Akaandika mwaka wa kweli. Bikizee akajiona amerudishwa nyuma kabla duka halijafunguliwa, kabla hata Mzee hajazaliwa, akatangaza kwamba rafu zote ni tupu na hakuna mzigo uliowahi kuingia. Wateja walisimama foleni mbele ya bohari iliyojaa mpaka darini, na hakuna aliyeweza kuuziwa hata mkanda mmoja. Mama Tarehe alitoka kitandani na homa yake, akakaa siku nne kurekebisha.

Tangu hapo hakuna mwingine aliyemgusa Bikizee. Na tangu hapo Mama Tarehe hakuchukua likizo. Hakuna aliyemkataza. Ilikuwa tu kwamba kila akifikiria kuomba, aliona foleni ile.

Jumatatu moja bosi alimwita ofisini. Bosi alikuwa mtoto wa Mzee, mtu wa miaka thelathini na mitano, mpole, mwenye tabia ya kuzungusha kalamu anapotaka kitu. Mama Tarehe alimjua tangu anakuja pale na sare za shule, analala juu ya maboksi ya mikanda.

"Kaa, mama. Umeamkaje?"

"Nimeamka tu, bosi."

"Dada zangu wamenijia juu. Wanasema Bikizee anatuaibisha, na kwamba mwisho wa mwaka atakufa mikononi mwangu. Nimemwita mshauri, atakaa nawe siku mbili tatu. Halafu nataka ukurasa mmoja. Mmoja tu, mama, dada zangu hawasomi wa pili." Akamsogezea karatasi iliyopigwa mistari. "Gharama za kununua mfumo mpya huku. Gharama za kubaki na Bikizee huku. Uthibitishe, utie sahihi, Ijumaa tupeleke."

Mama Tarehe alivaa miwani. Upande wa mfumo mpya palikuwa patupu, pakisubiri. Upande wa kubaki, bosi alikuwa ameshaandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri: sifuri.

"Sifuri, bosi?"

"Si tunamrudisha tena? Miaka ishirini na nane mingine. Kalenda tunazo. Wewe unajua namna." Kalamu ilizunguka. "Baba alifanya hivyo, na hakutoa hata shilingi."

Mama Tarehe alivua miwani. Akakunja karatasi, akarudi chumbani kwake, akavuta droo ya chini ili aiweke. Ndani, chini ya tepe za wino za printa, palikuwa na bahasha. Ilikuwa barua yake ya kuomba kupumzika. Ya nne. Tatu za kwanza alizichana mwenyewe, kila moja kwa sababu iliyoonekana nzuri siku ile.

Mume wake alikuwa mwalimu, na hata baada ya kustaafu watu wote, pamoja na mkewe, walimwita Mwalimu. Miaka mitatu iliyopita alihamia kwenye nyumba waliyoijenga polepole, mwendo wa saa tano kwa basi, bati moja moja na mlango mmoja mmoja. Alinunua viti viwili vya kubembea vya barazani. Chake kilishaanza kuchakaa mikono. Cha mkewe kilikuwa bado kimefungwa nailoni kama kilivyotoka dukani.

"Kiti chako kinakusalimu," alikuwa akimwambia kwenye simu. "Jana mvua imekipiga, lakini kimevaa koti lake, hakijambo."

"Mwisho wa mwezi huu, Mwalimu."

"Mwezi wa Bikizee au mwezi wa kwetu?"

"Wa kwetu." Na safari hii alimaanisha. Tarehe thelathini.

Mshauri alifika Jumanne. Mama Tarehe alitarajia kijana mwenye maneno mengi. Akaja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye viatu vya chini na daftari la karatasi, aliyesema shikamoo kwanza na kuuliza pa kukaa baadaye. Aliuliza maswali mazuri. Alimsikiliza Bikizee akikohoa, akasema, "Pole bibi," kwa sauti ya kweli, na Mama Tarehe akampenda, ingawa hakutaka.

"Huu uongo wa tarehe si tatizo," mshauri alisema. "Tunajumlisha ishirini na nane kwa kila rekodi, dakika moja. Majina ya bidhaa yamefupishwa sana, lakini nayo yana mpangilio. Beringi ni BR, mkanda ni MK. Hizo nazimudu." Akageuza ukurasa. "Kuna kitu kimoja. Wateja wako wana sehemu ya namba ya faksi."

"Ndiyo."

"Imejaa vitu vya ajabu. Huyu kaandikiwa SH35SI40. Huyu, PAMPU KASHONA. Huyu hapa, MPE KUSHOTO. Hizi si namba za faksi, mama."

"Hapana, si namba."

"Ni makosa ya miaka mingi. Mifumo yote mizee inakuwa hivyo, takataka zinajikusanya kwenye pembe. Tutazifuta wakati wa kuhamisha. Kwa hiyo kazi ya kuhamisha nimeiwekea wiki tatu. Naona inatosha, au vipi?"

Hapo ndipo Mama Tarehe alipotakiwa kufungua mdomo.

Zile hazikuwa takataka. Programu iliacha nafasi ndogo sana kwa kila mteja, jina, mji na simu basi, ila kwa maringo ya zama zile ikamwekea na namba ya faksi. Katika wateja wote wa duka lile, wenye vinu vya vijijini na wachimba visima, hakuna hata mmoja aliyewahi kumiliki faksi. Mzee akaona ni uchoyo kuacha nafasi ikae bure, akaweka desturi: lolote lisilo la kawaida kuhusu mashine ya mteja linaandikwa kwenye faksi. Mashine iliyochongwa upya. Pampu iliyoungwa kwa ulimi wa kiatu. Kinu kilichofungwa kinyume kikazoea hivyo. Mkononi mwa Mzee, mkononi mwa Mama Tarehe, na mkononi mwa karani mmoja aliyeondoka zamani, kila mmoja na ufupisho wake, sanduku la faksi likawa ndilo duka lenyewe.

Alijua pia hesabu. Wiki tatu ndizo zilizobaki mpaka tarehe thelathini. Kama angenyamaza, mshauri angehamisha, yeye angekabidhi funguo, angepanda basi.

"Au vipi, mama?"

"Wewe ndiye mtaalamu, mwanangu," alisema Mama Tarehe.

Mshauri akaandika wiki tatu.

Usiku ule na uliofuata alilala vizuri, jambo lililomshangaza. Alikuwa amezoea kudhani dhamira inauma kama jino. Kumbe kwa mtu aliyechoka hata dhamira inalala. Alhamisi asubuhi alimpa Bikizee tarehe, akaitoa ile karatasi, akajaza upande wa mfumo mpya kama alivyoachiwa na mshauri: mashine, programu, mafunzo, kuhamisha taarifa wiki tatu. Upande wa pili aliacha sifuri ya bosi ilivyo. Pa kutia sahihi palibaki patupu kwa sababu kalamu ilikuwa kaunta kwa Mkweli, naye alikuwa na mteja.

Mteja alikuwa mwanamke mrefu, mwenye unga kwenye mikunjo ya viwiko, unga ule usiotoka hata kwa sabuni. Alikuwa na risiti mkononi, imekunjwa mara nyingi mpaka ikawa laini kama kitambaa.

"Kinu kimesimama siku ya pili leo," alikuwa akisema. "Nimeacha ndoo zimepangwa mlangoni, na wenye ndoo wamekaa juu yake. Nikirudi mkono mtupu watanisaga mimi."

"Hurudi mtupu, mama. Kinu chako aina gani?"

Akamtajia. Mkweli akazama bohari, akarudi na boksi dogo, akalipangusa vumbi kwa tumbo la shati. "Beringi ya kinu hicho ni hii. Arobaini. Wote wanachukua hii."

"Ndiyo yenyewe?"

"Mama, mimi wananiita Mkweli."

Mwanamke alishaanza kufungua fundo la leso. Mama Tarehe, aliyekuja kufuata kalamu yake tu, aliitazama ile risiti. Mwaka wa uongo chini, mwaka wa kweli juu, muhuri umepinda kidogo. Ilikuwa ya miaka saba nyuma. Hakujua kilichomsukuma. Labda ni mazoea ya mikono. Alirudi kwenye kioo chake, akaandika namba ya risiti, akangoja Bikizee atafute.

SH35SI40.

"Mkweli," alisema kupitia dirishani, "rudisha hiyo rafuni. Huyu ni thelathini na tano."

"Kinu hiki ni arobaini, mama. Kitabu kinasema arobaini."

"Shafti yake ilichongwa. Iliisha upande mmoja, fundi akaipunguza ikawa thelathini na tano. Si ndivyo, mama?"

Mwenye kinu alishika shavu. "Loh! Kweli. Yule fundi kiwete. Alihama hata kabla hajamaliza kunidai. Mimi mwenyewe nilishasahau." Akachungulia kioo. "Na huyu bibi yenu ndiye aliyekumbuka? Ana kichwa kuliko mume wangu. Mume wangu hakumbuki hata alikoacha viatu, na amevivaa."

Mkweli akacheka mpaka mabega yakatikisika, akaenda kuchukua ya thelathini na tano. Mwenye kinu alilipa, akafunga boksi kwenye leso, akaliweka kifuani badala ya mkobani.

"Ningeenda na ile nyingine ningefika saa ngapi kujua haiingii?" aliuliza, akimuuliza Mama Tarehe hasa.

"Kesho mchana labda."

"Halafu nigeuze nirudi." Alitikisa kichwa. "Mungu awaweke, wewe na bibi yako."

Akaondoka upesi kwa hatua ndefu, akivuka barabara bila kutazama vizuri.

Mama Tarehe alirudi kuketi. Karatasi ilikuwa pale, imekamilika isipokuwa jina lake. Aliitazama muda mrefu. Kisha akafanya alichokuwa anakikwepa tangu Jumanne: akafungua orodha ya wateja na kuanza kuhesabu walioandikiwa kwenye faksi. Alihesabu mpaka chai yake ikawa na ngozi juu. Elfu mbili na mia tatu. Kila mmoja alihitaji mtu anayeweza kusoma ule ufupisho, amwandike kwa maneno kamili, na pale asipokuwa na uhakika ampigie simu. Ishirini kwa siku, ukihesabu na simu zisizopokelewa. Siku mia na kumi na tano za kazi. Miezi mitano na nusu. Weka na siku za umeme kukatika.

Na mtu anayeweza kuusoma alikuwa mmoja tu. Wawili wengine mmoja amekufa, mmoja hajulikani aliko.

Alichukua kalamu, ya wino mwekundu kwa kuwa ndiyo Mkweli aliyompa, akakata wiki tatu. Juu yake akaandika miezi sita. Alijisikia kama mtu aliyepandisha mzigo kichwani baada ya kuutua kidogo: shingo iliukumbuka mara moja, mahali pale pale.

Kalamu ilikuwa bado mkononi, akasogea upande wa pili. Akakata ile sifuri. Alifikiri aandike nini. Tepe za wino, ambazo siku hizi zilipatikana kwa mtu mmoja tu katika mji mwingine? Muhuri? Karatasi za matundu? Hivyo vyote havikufika popote. Mwishowe aliandika hivi: *Mtu mmoja, kila asubuhi, miaka ishirini na nane.*

Akatia sahihi. Akatoa bahasha chini ya tepe za wino, akavipeleka vyote viwili ofisini siku ile ile, maana alijijua.

Bosi alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye wino mwekundu aliketi.

"Mama, hii si gharama. Hii ni malalamiko."

"Uliniambia nithibitishe, bosi."

"Mtu mmoja kila asubuhi. Si unalipwa?"

"Nalipwa. Kwa kutunza stoo nalipwa. Lakini mwezi wa kwanza ukimrudisha Bikizee sabini na mbili, lazima awepo wa kumdanganya. Mimi nitakuwa na miaka themanini akifika tena hapa alipo. Nani mwingine? Umtaje tu."

Bosi akafungua mdomo.

"Usiseme Mkweli," akamwahi.

Bosi alicheka bila kutaka, kisha kicheko kikamwishia. Akafungua bahasha, akasoma barua, na kalamu haikuzunguka.

"Tarehe thelathini mwezi huu," alisema. "Halafu hapa unaniambia kuhamisha ni miezi sita. Hayo mawili yanakaaje pamoja?"

"Hayakai. Tarehe hiyo niikate na yenyewe."

"Mshauri alisema wiki tatu. Ungeacha wiki tatu, mimi ningejuaje?"

"Ungejua mwezi wa nane. Watu wangeanza kurudi na beringi zisizoingia."

"Na mwezi wa nane wewe ungekuwa wapi?"

"Kwenye kiti," alisema Mama Tarehe.

Bosi hakujua kiti gani, na hakuuliza. Alitazama dirishani, ambapo mtu alikuwa anapakia mabomba kwenye mkokoteni. "Wakati nalala juu ya maboksi," alisema, "wewe ndiye uliyekuwa unanifunika sweta. Nilidhani ni mama."

"Nilikuwa nakufunika ili usipigwe vumbi, ukikohoa Mzee alikuwa ananifokea mimi."

"Kwa hiyo tunanunua."

"Hilo mtaamua wewe na dada zako. Mimi nimeandika bei."

"Tunanunua," bosi akarudia, kwa sauti ya mtu anayejaribu viatu. "Na wewe nikupe nini, mama? Sema. Nikuongezee?"

Alifikiri. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kutaka kitu kulihitaji nguvu. "Ijumaa," alisema. "Nipe siku za Ijumaa mpaka mwisho wa mwaka. Na tarehe thelathini na moja ya mwezi wa kumi na mbili, Bikizee akizimwa, na mimi nisiulizwe tena kitu."

Jioni alimpigia Mwalimu akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni. Alimweleza yote, kinu, faksi na ile karatasi.

"Miezi sita," Mwalimu alisema. "Nani kasema miezi sita?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kwa kalamu nyekundu."

"Kalamu nyekundu ni yangu, mke wangu. Miaka thelathini na sita nimeishika. Nilijua ipo siku itanigeukia." Hakuwa anatania kabisa, wala hakuwa amekasirika kabisa. "Ulikuwa huwezi kunyamaza?"

"Nilinyamaza siku mbili."

"Na ikawaje?"

"Nililala vizuri sana."

Mwalimu akacheka kidogo kupitia puani. "Basi njoo hizo Ijumaa. Lakini nani atampa tarehe?"

Hilo alilishughulikia wiki iliyofuata, siku ya Jumatano. Alimwita Mkweli chumbani, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, ambacho kililia kwa uzito mpya.

"Mama, mimi na huyu bibi tuna kesi ya zamani."

"Leo mnapatana. Mwashe."

Bikizee akakohoa, akauliza. Mkweli akaandika siku. Akaandika mwezi. Akatoa mikono kwenye kibodi, akaifutia kwenye suruali.

"Tisini na tisa," alisema Mama Tarehe.

"Najua."

"Basi andika."

"Mama yangu yu hai, ujue. Ana miaka sabini na tano na fimbo bado anayo."

"Mwambie nimekutuma mimi. Mwambie ni kwa Ijumaa ishirini na nane tu, halafu utakuwa na mashine isiyokuuliza tarehe kabisa. Itakuwa inajua yenyewe."

Mkweli aligeuza kichwa. "Haiulizi kabisa?"

"Mshauri amenionyesha. Unaiwasha, tarehe ipo tayari, pale juu pembeni."

Alisema hivyo kwa kawaida tu, lakini maneno yalipomtoka aliyasikia. Miaka ishirini na nane alikuwa anaulizwa kitu kimoja kila asubuhi kabla ya salamu za watu. Hakuwa na hakika kama ni mzigo tu unaomtoka pale.

Mkweli alivuta pumzi, akabonyeza tisa, akabonyeza tisa, akafumba macho na kubonyeza kitufe cha kukubali. Rafu zote zilibaki zimejaa.

Ijumaa, saa mbili kasorobo, Mama Tarehe alikuwa barazani kwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa ameshika mkasi.

"Kiache hivyo hivyo," Mama Tarehe alimwambia.

"Nikiache vipi? Utakalia nailoni?"

"Cha Ijumaa tu hiki, kwa sasa. Mwezi wa kumi na mbili ndiyo utakivua."

Mwalimu akaweka mkasi dirishani. Mama Tarehe akaketi. Nailoni ilipiga kelele chini yake kama karatasi za sukari, na alipoegemea ilikuwa baridi mgongoni. Alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa vinabonyeza kikombe, mara mbili, mara mbili, mpaka Mwalimu akaviwekea mkono juu.

Simu ikaita. Alikuwa Mkweli.

"Mama, shikamoo. Nimemwambia bibi tisini na tisa."

"Amekubali?"

"Amekubali. Ila alikawia kidogo. Kama ananijua."

"Na kaunta je?"

"Kaunta shwari. Kuna mtu hapa ana pampu, kwenye faksi imeandikwa MPE KUSHOTO. Nimpe nini kushoto?"

"Sili inayofungwa kushoto. Rafu ya sita, chini. Andika kwenye daftari maneno yote, sili inayofungwa kushoto, usifupishe."

"Naandika." Zilisikika karatasi. "Basi mama, pumzika."

Elfu mbili na mia mbili tisini na tisa, aliwaza. Alitaka kumwambia Mwalimu hesabu hiyo, kwamba imepungua moja, lakini alichelewa. Usingizi ulimkuta mdomo umefunguka kidogo, miguu haijavuliwa viatu, na Mwalimu akakiondoa kikombe mikononi mwake taratibu kabla hakijamwagika, akakaa naye pale, asimwamshe, akisikiliza nailoni ikilia kidogo kila alipopumua.